Shule Kupewa Jina la Bi Mwalimu: Tuliyojifunza Hapa Lamu

Watu wakitaka kumuenzi mwalimu wa kike aliyesomesha mtaa mzima, wa kwanza kutafutwa ni fundi wa kibao. Mchango unapita barazani, mbao inanunuliwa, tarehe inapangwa, mgeni rasmi anaalikwa. Baada ya miezi sita kibao kina jina jipya, muhuri una la zamani, akaunti ya benki ina jingine lililokosewa herufi moja, na mwalimu mkuu ndiye anayesumbuka kila akiandika barua. Sisi tuliokaa kwenye bodi na kamati za shule hapa Lamu tumeyaona haya ya kutosha. Tunachokishikilia ni kwamba jina liamuliwe kwanza, herufi kwa herufi, karatasi zote zilifuate, na kibao kije mwisho.

Shule za Pwani zenye majina ya watu ziko. Malindi ipo ya Sir Ali bin Salim, aliyekuwa liwali, na ipo inayobeba jina la Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka 1913 na 1914. Liwali na mpiganaji wamepata vibao vyao. Mwalimu wa darasa la kwanza aliyemshika mkono mtoto wa mvuvi mpaka akajua kuandika jina lake, huyo mara nyingi hubaki kwenye midomo ya wanafunzi wake tu, na midomo hiyo nayo inapungua mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kazi hii inastahili kufanywa sawasawa.

Kuamua jina la mwanamke wa huku si kazi ya dakika kumi. Pengine hakuna mtu aliyewahi kumwita kwa jina lake kamili. Wanafunzi walimwita Bi Mwalimu, majirani walimwita mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kitambulisho kina majina matatu, la tatu likiwa la babu kwa tahajia ya karani aliyekuwa zamu siku ile. Khadija anageuka Hadija. Fatuma anakuwa Fatma hapa na Fatima pale. Mwanaisha anaandikwa neno moja kwenye cheti na maneno mawili kwenye hati ya malipo. Neno binti nalo lina maandishi yake: binti, bint, bte. Mtu akisoma anaelewa kwamba ni yule yule, lakini mfumo wa kompyuta hauelewi, unaona watu watatu.

Chukueni karatasi nne: kitambulisho, barua ya kwanza ya ajira, cheti cha ualimu, na barua ya kustaafu au ya pensheni. Ziwekeni mezani pamoja, awepo mmoja wa familia aliyepewa idhini na wenzake, mchague tahajia moja. Iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi safi, na waliohudhuria watie sahihi na tarehe. Karatasi hiyo ndiyo mama wa nyingine zote, na nakala yake iende kwa kila mtu atakayeliandika jina hilo, akiwemo mchongaji.

Kuhusu vyeo, ushauri wetu ni kuliweka neno Mwalimu na kuyaacha mengine. “Bi” ni heshima ya mdomoni, kwenye fomu hupotea. “Hajjat” familia moja itaipenda na nyingine itauliza mbona mama yao hakuandikiwa. “Marehemu” haifai kabisa katika jina la shule. Kisha acheni jina la mtaa au kijiji mwishoni, kwa sababu mbili. Kwanza, watoto na manahodha wataendelea kuiita shule kwa jina la mahali hata mkifanya nini. Pili, Lamu ina Mkomani na Langoni, na mwalimu aliyezaliwa upande mmoja akafundisha upande wa pili anaweza kuzua maneno yasiyokwisha. Jina la mahali linaonyesha wazi kwamba shule ni ya pale ilipo. Pimeni pia urefu. Fomu nyingi zina nafasi chache, na jina lisipoingia, karani atalifupisha atakavyo yeye. Andikeni ufupisho wenu wenyewe mapema, mwangalie herufi za mwanzo zisije zikaunda neno la aibu. Wanafunzi wataligundua siku ya kwanza.

Kama mwalimu yu hai, aulizwe faraghani kabla neno halijafika barazani. Wengi wa walimu hawa hukataa, na hukataa kwa dhati, wakiogopa riya, yaani kujionyesha. Asipelekewe mwenyekiti wa bodi na wazee sita wenye kofia. Apelekewe mwanamke wa makamo aliyesomeshwa naye, au mwalimu mwenzake wa zamani, wakae, wazungumze. Akisema hapana, mwisho ni hapo. Kuna njia nyingine za kumshukuru, tutazitaja mbele. Akisema ndiyo, idhini iandikwe. Kama amefariki, idhini ni ya warithi wote wazima, wala si ya yule mmoja anayeishi karibu na shule. Mtoto aliyeko Mombasa au Oman ambaye hakuulizwa ndiye huja na barua ya kupinga wiki ya sherehe.

Halafu mjue mlango wa kugonga. Kama ni chekechea, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imeikabidhi elimu ya awali serikali za kaunti, hivyo barua inakwenda idara ya elimu ya kaunti. Shule ya msingi na ya sekondari ziko chini ya serikali kuu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka usajili mikononi mwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mnaanzia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Chekechea iliyo ndani ya ua wa shule ya msingi ni mtego, kwa kuwa ua ni mmoja na milango ni miwili. Maombi hulala miezi kwa sababu tu yalipelekwa ofisi isiyohusika, na hakuna anayewaambia.

Ndani ya faili tuweke nini? Kumbukumbu za kikao cha bodi ya usimamizi zenye orodha ya waliohudhuria na azimio lenye jina lililoandikwa kamili. Kumbukumbu za mkutano wa wazazi. Barua ya mdhamini wa shule, ambaye kisheria ana viti vitatu kwenye bodi na akipuuzwa hataacha kuonyesha kwamba alipuuzwa. Barua ya idhini ya familia. Wasifu wa mwalimu, ukurasa mmoja tu. Nakala ya cheti cha usajili cha sasa na ya hati ya ardhi. Toeni nakala tatu, na moja irudi kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huo hamna kitu. Ofisa akihamishwa, faili lenu limehama naye au limebaki kwenye kabati lisilo na ufunguo.

Ardhi inataka uangalifu wa peke yake, kwa maana viwanja vingi huku ni wakfu. Aliyeweka wakfu huenda aliweka sharti, au shule tayari inaitwa kwa jina lake au la mzazi wake. Kumbadilishia jina bila kuzungumza na msimamizi wa wakfu, na Tume ya Wakfu pale inapohusika, ni kuanzisha ugomvi ambao hautaisha kwa soda na maandazi. Ikiwa wakfu una jina, liacheni, mtafute jengo jingine la kumpa mwalimu wenu.

Na kusema kweli, mara nyingi jengo ndilo bora. Shule ya zamani yenye wahitimu waliotawanyika hadi Nairobi na Jeddah ina jina lililoko kwenye vyeti vyao, na kulibadilisha ni kuwapa kazi watu elfu kwa ajili ya furaha ya siku moja. Maktaba, bweni la wasichana au ukumbi vinaweza kupewa jina kwa azimio la bodi na makubaliano ya familia na mdhamini, bila kugusa usajili, benki wala mitihani. Tunapendelea maktaba, ile iliyo wazi na yenye vitabu. Jina la mwalimu lililobandikwa kwenye stoo ya madawati mabovu ni tusi, na lipo.

Sasa wasifu. Hapa ndipo heshima huharibiwa na mapenzi. Kila familia husema mama yao alikuwa mwalimu wa kike wa kwanza wa mji. Mkiandika “wa kwanza” bila ushahidi, familia mbili nyingine zitafika na mwanamke wao wa kwanza, na shule imeingia kwenye mashindano. Andikeni “miongoni mwa walimu wa kike wa mwanzo”, kisha mtaje shule, miaka na madarasa. Hayo yana pa kutazamwa. Daftari la matukio la shule huandika siku mwalimu alipofika na alipohamishwa. Rejista za madarasa zina mwandiko wake. Mwandiko wa mtu aliyeandika majina arobaini kila Januari unajulikana. Kitabu cha wageni kina maoni ya wakaguzi. Kama aliajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, iliyoanzishwa mwaka 1967, atakuwa na namba, na barua za uhamisho zitakuwa na namba hiyo.

Kuna aina ya pili ya mwalimu ambaye hana namba popote: aliyesomesha chuo cha Kurani, nyumbani kwake, juu ya mkeka, watoto wakaanza alifu na kuishia kuhitimu juzuu thelathini. Hakuajiriwa na mtu, hakustaafishwa na mtu. Ushahidi wake ni vinywa. Msiwaulize wazee “mwaka gani”, watabuni ili wasikuvunjeni moyo. Waulizeni kwa vitu: je, ulikuwa kwake kabla ya Uhuru wa 1963 au baada? Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979, ulikwisha kuyanywa shuleni? Ulifanya mtihani wa darasa la saba, au mlikuwa mmeingia mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza 1985? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimkuta bado anasomesha? Kwa maswali manne mnaweza kumweka mtu ndani ya miaka mitatu minne bila kumlazimisha kukumbuka tarehe. Kila jambo liwe na mashahidi wawili wasiotoka nyumba moja. Na andikeni alivyofundisha: aliwasikiliza mmoja mmoja au kwa pamoja, mtoto mzito wa kushika alimfanyaje, asiye na ada alimfanyaje. Hayo ndiyo yatakayosomwa na mwalimu kijana anayeajiriwa leo.

Karatasi za zamani zikipatikana, zisifunikwe kwa plastiki ya moto ile ya vitambulisho, maana haitoki tena na joto lake huunguza wino. Wala msiunge kwa selotepu. Baada ya miaka gundi inageuka njano na kula karatasi. Pigeni picha kwa simu mchana kwenye kivuli, hifadhini sehemu tatu tofauti, na asili irudi kwa familia au iwekwe kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, juu ya rafu, mbali na ukuta. Ukuta wa Lamu una unyevu hata wakati wa kaskazi.

Jina likishakubaliwa na cheti kipya kutoka, badilisheni kila kitu kwa mpigo mmoja, tena mwanzo wa mwaka, mwezi wa Januari. Mkibadilisha katikati, watahiniwa waliosajiliwa na Baraza la Mitihani kwa jina la zamani watamaliza mwaka shule ikiwa na jipya, na barua za kueleza hazitaisha. Orodha ndefu zaidi ni ya fedha. Shule ya msingi ya umma ina akaunti zake tangu elimu bila malipo ilipoanza 2003: ile iitwayo Simba, ya vifaa vya kusomea, na ile ya matumizi ya jumla. Mgao kwa mtoto wa shule ya msingi umepangwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwaka, na kwa wa sekondari msingi shilingi 15,042. Shule yenye watoto 300 wa msingi inazungumzia shilingi 426,000 kwenye hesabu ya karatasi. Jina la akaunti lisipofanana na la usajili, fedha hizo ndizo za kwanza kukwama, na mwenye duka la chaki hatakubali kulipwa kwa heshima ya mwalimu wenu. Nendeni benki kabla ya muhula kufungwa, mkiwa na cheti kipya, kumbukumbu za bodi na watia sahihi wote kwa miili yao.

Baada ya benki: Tume ya Walimu, mfumo wa taarifa za wanafunzi wa Wizara, namba ya kodi, mita ya umeme, maji, vitabu vya risiti, muhuri. Muhuri wa zamani uvunjwe mbele ya bodi na iandikwe kwenye kumbukumbu. Ukibaki kwenye droo utatumika, na barua yenye muhuri wa shule isiyokuwepo ni mlango wa udanganyifu. Kwa wahitimu wa zamani, andaeni barua moja ya kudumu inayosema shule hii, iliyokuwa ikiitwa hivi hadi tarehe fulani, sasa inaitwa hivi, iwe na namba ya usajili. Mtu mwenye cheti cha KCPE cha 1994 akiombwa uthibitisho na mwajiri, anapewa nakala, anaondoka. Msimwambie akabadilishe cheti. Cheti chake ni sahihi.

Ndipo tufike kwenye kibao. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kinachobandikwa kwenye uso wa jengo la zamani kinapitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Pelekeni mchoro wenye vipimo. Kwenda na maneno matupu ni kupoteza safari. Nje ya Mji wa Kale mna uhuru zaidi, lakini hewa ya chumvi ni ile ile.

Kosa tunaloliona zaidi ni kuandika jina kwa rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa chokaa. Ukuta wa namna hii hupitisha unyevu, na unyevu hubeba chumvi. Rangi ya mafuta inaziba njia, chumvi inajikusanya nyuma yake. Baada ya masika moja au mbili utaona kiuvimbe chini ya herufi; kibonyeze kwa kidole, ndani pana uwazi, ukikipasua unamwagika unga mweupe. Jina la mwalimu linaanguka kipande kipande, pamoja na plasta. Kuziba kwa saruji kunazidisha. Ubao uliotundikwa mbele ya ukuta, ukiacha nafasi ya sentimita 2 au 3 hewa ipite, hauna shida hiyo.

Mbao nzuri ni mbambakofi. Ni ngumu, haimpendezi mchwa, na mafundi wa milango wanaijua. Ubao wa sentimita 120 kwa 40, unene 4, una uzito wa kama kilo 15. Msitafute kipande kimoja chenye upana wote huo, kitapinda kwa jua la mchana. Unganisheni viwili vya sentimita 20 kwa mapapi mawili nyuma, matundu ya skrubu kwenye mapapi yawe marefu kidogo ili mbao ipate kutanuka. Herufi zenye kimo cha sentimita 8 zinasomeka vizuri kutoka mita 20. Kwa kimo hicho mstari mmoja unabeba herufi 16 au 17 pamoja na nafasi, na ubao unabeba mistari mitatu. Hesabuni jina lenu kabla ya kumwita fundi. Kwenye kichochoro msomaji yuko mita tatu tu, herufi za sentimita 5 zatosha, na ubao mkubwa hapo ni kujigamba.

Herufi zichongwe kwa kina cha milimita 6 hadi 8, ili miaka ya msasa isizifute. Fundi apewe jina lililochapishwa kwa ukubwa wake halisi. Akishalichora kwa penseli, mtu wa familia alisome kwa sauti, herufi moja moja, kabla patasi haijagusa mbao. Herufi iliyochongwa haifutiki. Skrubu ziwe za shaba au chuma cha pua. Za kawaida zitatoa michirizi ya kutu ndani ya mwaka. Matumbawe ni laini na yana matundu, hivyo toboeni tundu pana, gongomeeni kigingi cha mbao ngumu kwa chokaa, sehemu moja kwa mchanga tatu, mkiweke unyevu juma zima, kisha skrubu iingie kwenye kigingi. Ubao ukae juu ya mita 2 na robo. Chini ya hapo punda wa mchanga wataukwangua kila asubuhi. Pakeni mafuta ya kitani, tena kila mwaka kabla ya masika. Mafundi wa majahazi watawashauri sifa, yaani mafuta ya papa. Inahifadhi mbao kweli, lakini harufu yake mlangoni mwa darasa ni adhabu ambayo bodi haina mamlaka ya kuitoa.

Wafadhili na wakubwa watataka majina yao. Wapeni ubao wao mdogo, ndani, herufi nusu ya zile za mwalimu, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla fedha hazijapokelewa. Baadaye hamtakuwa na ubavu wa kulisema.

Picha ya mwalimu ni suala la familia na la wanazuoni wa mtaa. Wapo wasiotaka picha ya mwanamke ukutani, wapo wasiotaka picha ya mtu yeyote. Msilazimishe, ukurasa mmoja wa wasifu kwenye fremu unafanya kazi zaidi. Picha ikiruhusiwa, isigusane na kioo. Kwa unyevu huu, ndani ya miaka michache uso unaganda kwenye kioo na ukiubandua unabaki nusu. Wekeni fremu ya kadi nene katikati, na tundikeni nakala, si picha asili.

Siku ya uzinduzi, kama shule iko Pate, Faza au Siyu, angalieni mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya mgeni rasmi. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa. Saa nne ndiyo saa ambayo kila kadi ya mwaliko huandika. Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki maji yakiwa yamekupwa, na wageni watakaa mashuani wakitazama mikoko. Tarehe 8 au 9, au 23 au 24, za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa karibu na saa nne hiyo hiyo. Lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana, basi chombo kilichobeba viti na masufuria kizungumzwe na nahodha mapema. Juni na Julai, kusi likiwa limepamba, hilo la kuvuka na wazee liacheni kabisa.

Sherehe ikipita, kinachobaki ni zawadi. Tuzo ya kila mwaka kwa mtoto aliyepiga hatua kubwa katika kusoma, wala si lazima awe wa kwanza darasani, ndiyo inayolifanya jina litajwe. Fedha za tuzo zikitegemea mchango, mwaka wa tatu hazipatikani. Zikiwekwa benki kwa riba, nusu ya wazazi hawatazigusa. Familia nyingi huku zina minazi, na kuweka wakfu minazi ishirini kwa ajili ya tuzo ni njia inayoeleweka na kila mtu. Mnazi uliotunzwa hutoa nazi kati ya 30 na 60 kwa mwaka, na huanguliwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Hati ya wakfu itaje kila mnazi kwa mpaka wa shamba, imtaje msimamizi na atakayemrithi, iseme ziada ikanunue vitabu. Minazi ipigwe alama ya rangi, la sivyo mwaka wa pili ile isiyozaa ndiyo itakayokuwa ya shule. Mkwezi alipwe fedha taslimu, asilipwe kwa nazi, kwa maana malipo ya nazi hayana hesabu. Na idadi iandikwe pale pale chini ya mnazi, watu wawili watie sahihi kabla gunia halijafungwa.